Ubao wa Mama Zubeda

Alhamisi, siku ya gulio

Na bado wanasema kompyuta yetu ya ushirika ni chakavu! Leo wanunuzi wa Dar wamefungua ukurasa wetu wa bei za mboga tangu alfajiri, nayo haijakwama hata mara moja.

Gulio lililopita ilikwama, na kosa lilikuwa langu, nakiri. Kila mtu alipofungua ukurasa, programu yangu iliutunga upya kutoka kwenye hifadhidata, ghala la taarifa zetu zote, wakati bei ni zilezile. Watu hamsini, kazi ileile mara hamsini. Kumbukumbu ya mashine ikajaa, kila kitu kikaganda.

Jumapili nilimtazama Mama Zubeda, anayetupimia kabichi ghalani. Huandika bei kwa chaki mara moja tu. Ukimuuliza, hata hageuki: "Soma ubao, mwanangu."

Basi nami nikaielekeza programu itunge ukurasa mara moja, iuhifadhi, na kila anayekuja apewe huohuo. Leo zaidi ya nusu ya kumbukumbu imebaki wazi.

Saa nne Mwenyekiti wa ushirika aliingia, akaiinamia mashine kusikiliza feni yake iliyozoea kunguruma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona kimya? Umeizima?"

Nilicheka peke yangu mpaka saa tano, Mama Zubeda alipopaza sauti kwamba kabichi za Malindi, kijiji cha jirani, zimeshuka bei. Alifuta ubao kwa pindo la khanga, akaandika upya. Ukurasa wangu ukabaki na bei ya asubuhi.

Ilibidi niufute mwenyewe ili utungwe mwingine. Kesho naifundisha programu ifanye hivyo kila bei ikibadilika.

Chaki niliiiga. Khanga nikaisahau.