Paa ya Papa Riziki

Siku ya kwanza ya juma, 5 Septemba 1966

Mvua tena. Kitanda nimeisukuma mpaka pembe ya jikoni. Sufuria kubwa chini ya tundu ya katikati, bakuli chini ya ile ya mulango. Riziki anajua kazi yake. Mbingu ikinguruma kidogo tu, anakimbilia sufuria mbele ya kuanua nguo. Mutoto mudogo vile, na njo mambo amejifunza kwetu.

Asubuhi nilitengeneza kiti. Mguu ya nyuma ilikuwa inacheza. Nilitoa kabari ya zamani, nikachonga ingine ya muti mugumu, nikaipiga mpaka ikakaza. Sasa haichezi. Mulango nilikwisha kuitengeneza, dirisha pia, kabati pia, mupini ya jembe. Mu hii nyumba kila kitu ya chini nimeitengeneza na mikono yangu. Inabaki ya juu.

Na bwana yangu ni fundi ya mapaa. Anayetaka kucheka, acheke.

Siku ya pili, 6 Septemba

Boriti ya katikati inaoza. Leo nilipanda ku meza, nikachoma na ncha ya kisu. Kisu iliingia kama mu muhogo ya kuchemsha.

Nilijaribu kuziba tundu kwa ndani. Kitambaa na nta. Udongo. Hata sabuni. Haifai kitu. Maji inatembea chini ya bati, inatokea mahali pengine inacheka. Tundu ya mabati inazibwa kwa juu, hakuna njia ingine.

Na juu siwezi kupanda. Huku kwetu Kingi mwanamuke hapandi paa ya bwana wake. Akipanda, amemuzika. Nilijua hiyo mbele ya kujua kusali. Mama yangu, nyasi ya nyumba yake ilimuozea juu ya kichwa, na hakupanda. Nilikuwa ninamusifu. Sasa nina hasira naye pia.

Papa Riziki, bwana yangu, alienda Walikale kisha vita, barabara ilipofunguka. Sanduku ya vyombo ku bega. Alisema kule bantu banajenga upya na mafundi ni bachache. Alisema atarudi mbele ya mavuno ya maharagi. Maharagi imevunwa, imepandwa, imevunwa tena. Hakuna habari. Labda iko mugonjwa mule mu pori. Labda siku nitakayopanda hapa, njo siku atateleza kule. Siamini sana mambo hii. Lakini sitaki kuijaribu juu ya roho ya muntu.

Balume, ndugu yake mudogo, amekwisha kusema: nyumba ikianguka, mimi na Riziki tutahamia ku lupango yake, nyuma ya jikoni ya muke wake, na kiwanja itarudi ku jamaa. Alisema na sauti ya huruma. Macho yake ilikuwa inapima kiwanja. Nyumba ikisimama na moto inawaka ndani, hakuna anayeweza kutoa mama na mutoto wake. Hiyo pia ni desturi. Kwa hiyo kila kitu inategemea hii boriti.

Posho, siku ya sita, 10 Septemba

Nilishuka mpaka Masisi centre, ku magazini ya Papa Kasereka, ule mufanya-biashara wa Butembo. Niliomba gudroni, ile lami ya kuziba mabati. Aliniuliza nani atapanda. Nikasema shemeji. Akanipa kopo moja, na mimi nikamutengenezea viti mbili za magazini palepale, mbele ya bantu. Muke wake alicheka mpaka akashika mulango: mwanamuke na nyundo. Nilimwacha acheke. Viti zinasimama.

Lori ya Papa Kasereka inazunguka Shasha na Bukavu mpaka Hombo, kiisha Walikale. Nilimuomba shofere aulize kule habari ya bwana yangu. Papa Kasereka alisema ndiyo. Hakuniangalia.

Siku ya Mungu, 11 Septemba

Misa. Katekista alieleza habari ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Ya paa hakusema.

Kisha misa mama mukwe alinishika mukono. "Vumilia, mwanangu." Kila siku ya Mungu ananiambia hiyo. Masista walitufundisha usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama mukwe anasema vumilia. Hawa bamama hawakukutana.

Balume ameahidi kuja siku ya tatu.

Siku ya tatu, 14 Septemba

Alikuja. Mbele ya yote, kasiksi, pombe ya ndizi. Nilijua, nilikuwa nimekamua ndizi mapema. Alikunywa polepole kama muntu anayeonja kwa arusi.

Mimi nilikuwa nimefanya akili. Mu kila tundu nilipenyeza kijiti kutoka ndani, itokee juu, ili aione na asihangaike kutafuta. Papa Riziki alikuwa anafanya hivyo. Balume alipofika juu aling'oa vijiti yangu na kuitupa mu uwanja. "Hii takataka ni ya nini?" Kiisha akaanza kupiga misumari.

Nilisikia sauti. Fundi akipiga vizuri, bati inaitika na muti ya chini. Hii ilikuwa inalia kama kopo. Nilirudi nyuma mpaka karibu ya migomba nikaona: anapiga mu bonde. Bati iko na vilima na mabonde. Musumari inakaa ku kilima, haikai mu bonde, kwa sababu maji inapita mu bonde. Hiyo njo kitu ya kwanza bwana yangu alifundisha kila muntu aliyemushikia ngazi. Nilimushikia ngazi miaka yote.

Nilimuita: "Shemeji, ku kilima. Panda ku kilima."

Alijibu bila kugeuka: "Mama Riziki, unanifundisha kazi ya banaume?"

Nikanyamaza. Nina aibu ya kule kunyamaza. Alishuka, akasema imekwisha, akamaliza kasiksi. Gudroni hakuigusa hata.

Siku ya ine, 22 Septemba

Mvua mingi tangu juzi. Tundu zilikuwa mbili. Sasa sihesabu tena. Kila musumari ya Balume inatoa maji. Kikapu ya mbegu ya maharagi, ile ya kupanda hii musimu, ililowa yote. Imeanza kuota mu kikapu. Nilikaa chini nikaiangalia. Nilitaka kupiga kitu, hakukuwa kitu ya kupiga ambayo sikuitengeneza mimi mwenyewe.

Balume alipita kisha mvua. Aliingia bila kubisha, akaangalia boriti, akaweka mukono juu yake. "Nilikuambia uhame, dada. Hii nyumba haina siku."

Alipoenda nilifikiri vizuri, na damu ikanipanda. Balume analima ku mutelemuko tangu utoto. Kila musimu anachimba mufereji ya kuchukua maji mbali na muhogo yake. Hakuna muntu wa hii milima asiyejua maji inapita wapi. Alijua. Alipiga mu bonde na alijua.

Posho, 24 Septemba

Papa Kasereka alinituma muntu, nifike. Alinipeleka nyuma ya magazini, mahali wanaweka magunia. Shofere alikuwa pale, kofia mu mikono.

Shofere alimuona. Iko muzima. Amenenepa. Iko Walikale, kando ya barabara, juu ya paa. Nyumba mupya, mabati mupya.

Niliuliza nyumba ya nani. Shofere aliangalia Papa Kasereka. Papa Kasereka alisema: "Ya muke wake, mama. Pole."

Shofere alimusalimia. Papa Riziki alishuka ku ngazi, akamusalimia vizuri, akauliza bei ya mabati ku Goma. Riziki hakumuuliza. Mimi hakuniuliza. Shofere ni muntu ya huruma, hakutaka kusema mengine, nikamulazimisha. Alisema hivi: kiwanja ya Kingi, bwana yangu alikwisha kumuachia Balume. Neno alituma kwa mudomo tangu Pasaka. Alisema Balume atapanga mambo.

Tangu Pasaka. Balume alijua. Nilirudi kwa miguu, kilima yote, nikiwa ninafikiri tu juu ya mama mukwe na ule mukono wake kisha misa. Vumilia, mwanangu.

Nilikuwa ninamuchunga asianguke. Mwaka muzima ninalala kando ya sufuria kwa kuchunga roho yake. Mujinga kama mimi sijamuona.

Siku ya Mungu, 25 Septemba

Sikuenda misa. Nilitengeneza ngazi. Nilibadilisha vipandio vya chini, vilikuwa vimeliwa na muchwa. Nilikata kopo za mafuta, nikazinyoosha na nyundo juu ya jiwe. Nilinoa kisu. Riziki aliuliza nani anakuja. Nikasema hakuna muntu anakuja.

Siku ya kwanza, 26 Septemba

Nilipanda.

Asubuhi, jua ya kwanza, umande ulipokauka. Nilifunga kitenge yangu katikati ya miguu kama bamama wanaovuka muto. Nilikuwa ninaogopa kuteleza. Kitu ingine sikuogopa. Gudroni nilikuwa nimeipasha moto mpaka ikalainika.

Kwanza nilitoa misumari ya Balume na tenaye, ile koleo ya kung'olea. Moja moja. Zilitoka bila nguvu, hazikushika hata muti. Kila tundu nikaipaka gudroni, nikaweka kitambaa, gudroni tena, kipande ya kopo juu yake, kiisha nikaipiga pembeni. Ku kilima. Bati iliitika vizuri.

Bantu balianza kukusanyika ku njia. Muntu mumoja aliweka ndoo yake chini. Kiisha nikasikia mama mukwe. Alikuja na mikono ku kichwa, analia kilio ya matanga, anaita jina ya mutoto wake kama iko mu sanduku. Nilikuwa na misumari mu midomo. Hata ningetaka kujibu singeweza.

Balume alifika mbio. Alishika ngazi, nikafikiri ataitoa. "Shuka! Unaua kaka yangu!"

Nilitoa misumari mu midomo. Nikamwambia, si kwa nguvu, lakini bantu bote balisikia: "Kaka yako alikufa wakati ya Pasaka, shemeji. Wewe njo wa kwanza kupata habari."

Aliachia ngazi. Kilio ya mama mukwe ikakatika katikati. Bantu bakamuangalia Balume, kiisha bakamuangalia mama mukwe. Hakuna aliyeuliza maana yake. Nilirudisha misumari mu midomo nikaendelea. Bado kulikuwa kazi ya upande ya mulango, na mawingu ilikuwa inakuja kutoka upande ya pori.

Muchana nilishuka na kuweka nguzo ya kalitusi chini ya boriti. Nilipiga kabari mpaka boriti ikalia. Itashika mpaka nipate ya kubadilisha.

Siku ya pili, 27 Septemba

Mikono imechomeka na gudroni, nashika kalamu vibaya. Magoti pia imechomeka.

Nilikuwa ninafikiri kutakuwa hasira tu. Lakini kule juu niliona kazi yake kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilishika ngazi kwa chini, sikuwahi kuiona. Misumari yake yote iko ku kilima, mustari sawa kama kamba imevutwa, hakuna hata moja iliyopinda. Mabati yenyewe ilikuwa ya zamani, ya ku plantation, shamba kubwa ya muzungu aliyekimbia, na tundu za zamani alizifunika moja moja na akili. Mbili tu ndizo zilifunguka kisha miaka. Alitufanyia ile kazi na mapendo. Sikuweza kujidanganya. Nililia kule juu, nikafuta uso na mukono ya gudroni, njo sababu Riziki alicheka niliposhuka.

Ile mikono inafunika nyumba ingine sasa. Ninamuchukia sana leo, kushinda jana.

Balume hajapita. Muke wake alipita, akaniamkia yeye wa kwanza.

Siku ya tano, 30 Septemba

Bamama ba Kingi balikuja leo muchana. Sikubaita. Balileta kuni, unga ya muhogo, mumoja alileta chumvi kidogo mu jani. Bakakaa chini ku mukeka kama vile banakaa kwa mujane. Hakuna aliyetaja jina. Balisema pole, nikasema asante. Sikubapinga. Mujane mwenye mutoto anabaki mu nyumba yake, hiyo pia kila muntu anaijua.

Mama mukwe alikuja wa mwisho. Alibaki ku mulango, akanyoosha kikapu. Maharagi ya kula na, mu kitambaa ya kando, mbegu. "Pole, mwanangu." Hakusema vumilia. Nilimupa kile kiti nilichokaza mguu. Alikaa.

Mvua ilianza tukiwa vile. Mvua nzito, ile ya ku Masisi inayoziba masikio. Bote bakainua macho. Riziki alitoka mbio, akaleta sufuria, akasimama nayo katikati ya nyumba akingoja. Alingoja sana. Kiisha akaniangalia.

"Mama, niweke wapi?"

"Ku moto," nikamwambia.

Kuni zao zilikuwa kavu. Tumepika maharagi ya mama mukwe na bote bamekula.