Fundi, Mashine Yako Imenidai Namba

Fundi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini miaka sita sijaanza kazi bila kukuamkia na sitaanza leo.

Nikuambie lile baya kwanza. Kompyuta yako niliifunga mimi. Haikugoma yenyewe, wala usiusingizie umeme wa hapa Newala. Ni mimi Somoe, mwanafunzi wako, kwa mkono wangu huu.

Arobaini yako ilipokwisha tu, mdogo wako Bakari alimwambia mkeo, Mama Salma, kwamba shamba lote la mikorosho la Makote, la juu na la chini, ni la ukoo wa mama yenu, na mjane hana chake pale. Akamshitaki kwenye baraza la kata. Mama Salma akanijia dukani Alhamisi, kompyuta yako kaifunga kwenye kanga. Akasema mama yenu kabla hajafariki alitembea nawe shambani akikutajia mipaka, ukamrekodi kwa simu, ukaihamishia sauti humo. Simu yenyewe iliharibika zamani. Ushahidi wake wote ulikuwa sauti hiyo, na baraza lilikuwa Jumatano iliyofuata.

Nikaiwasha. Ikawaka vizuri, ila saa yake ilikuwa imepotea. Fundi, hapo ningenakili ile sauti nikanyamaza! Lakini wewe ulinizoesha vibaya. Mashine yoyote ikiingia mezani kwetu ilikuwa lazima ioge kwanza: vumbi, betri ndogo ya saa, kisha mipangilio yote ya kuiwashia irudishwe ya kiwandani, mafaili bila kuguswa. Wateja walikuwa wakikucheka, wanasema kwa Baba Salma hata redio inatawadha. Basi nami nikaiosha. Nikabadilisha betri, nikarudisha mipangilio, nikaiwasha huku nimeshakaa mkao wa kusikiliza.

Skrini ikaja ya bluu. Ikataka namba ya kufungulia, tarakimu arobaini na nane. Nilisahau kabisa kwamba diski yako uliitia kufuli, na kufuli la namna ile likiona mipangilio imeguswa linadhani mwizi kaingia. Nikarudisha mipangilio kama ilivyokuwa, kimoja kimoja, nikazima, nikawasha. Wapi! Skrini ni ile ile.

Nilimwambia Mama Salma palepale kwamba kosa ni langu. Hakunigombeza. Aliikunja kanga yake taratibu, akasema, "Basi jitahidi, mwanangu." Bora angenitukana.

Ijumaa nilimpigia fundi mmoja wa Masasi, yule uliyekuwa ukisema anaponya mafua kwa kukata pua. Akanijibu, "Dada, piga Windows upya, unajisumbua nini?" Nilimkatia simu. Kupiga Windows juu ya sauti ya marehemu, ifutike yote! Halafu Bakari naye akapita dukani, akasimama mlangoni, akauliza kama imefunguka. Nikasema bado. Akasema, "Usijiumize, Somoe," na sijui hata leo kama ilikuwa huruma au kejeli. Nilitamani kumrushia bisibisi.

Nikafanya lile ulilonifundisha: kabla ya kubahatisha, inakili diski nzima na kufuli lake, ukiharibu uharibu nakala. Kazi hiyo ilinila Jumamosi yote, umeme ukikatika mara mbili. Jumapili nikafungua daftari lako la namba za kufungulia mashine za wateja. Wote umewaandika kwa majina ya watoto wao, kama tunavyoitana. Mama Zainabu. Baba Hamisi wa Chidya. Mama Rehema wa ofisi ya mikopo. Nikamtafuta Baba Salma. Hayumo. Nikasoma daftari mara tatu toka mwanzo hadi mwisho. Baba Salma hayumo, Fundi, na mtandaoni hukuiweka kwa sababu mtandao hukuuamini. Nililia kwa hasira. Nilikusema, nisamehe. Nilisema mtu gani huyu anatunza namba za Newala nzima, yake anakwenda nayo kaburini.

Jumatatu nikabeba daftari mpaka kwa Mama Salma. Nikawa namsomea jina moja moja, naye ananiambia huyu ni nani na anakaa wapi, huenda tukakuta jina la kubandika ulilojifichia. Tukafika kwa Baba Issa. Mimi nilidhani ni mteja wa Kitangari. Mama Salma akaiweka chai yake chini. Akaangalia pembeni, akasema, "Huyo ni yeye."

Sikujua, Fundi. Miaka sita nakula kwako, sikujua kwamba kabla ya Salma kulikuwa na Issa, na kwamba aliishi miezi minne. Akaniambia watu waliacha kuwaita kwa jina hilo ili wasiwatoneshe, na Salma alipozaliwa jina likapata mrithi, likafukiwa moja kwa moja. Mama yako tu ndiye hakuliacha. Na wewe, kumbe. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa nimeshika daftari, sikujua niliweke wapi.

Nikarudi dukani mbio. Nikaingiza namba. Ikakataa. Nikaingiza tena. Ikakataa. Mwandiko wako jamani! Moja yako na saba yako ni ndugu wa tumbo moja, na kulikuwa na tarakimu tano hivi ambazo hata malaika asingeapia. Ndipo nikakumbuka siku ile uliponikalisha chini ukaniambia namba hizi hazikumwagwa ovyo: zimepangwa makundi manane ya tarakimu sita, na kila kundi lazima ligawanyike kwa kumi na moja bila baki. Nilikuuliza itanisaidia nini maishani. Ukacheka, ukasema niandike tu. Nikachukua kikokotoo cha simu. Kundi likiacha baki, nabadilisha moja kuwa saba, nagawanya upya. Kundi la tatu. La nne. La saba lilinitesa, lilikuwa na mbili zenye mashaka. Mchana wa Jumanne skrini ya bluu ikaondoka, ikaja picha yako na Salma mmesimama mbele ya duka.

Nilipiga kelele mpaka muuza mihogo akaja kuuliza kuna nini.

Sauti ya mama yako niliisikiliza mara moja tu, kuhakikisha. Nikampigia Mama Salma nikamwambia ukweli: shamba la juu amepewa Bakari, wazi kabisa. Nikamuuliza kama nikikate kipande hicho. Alinifokea, mara yake ya kwanza. "Icheze yote."

Jumatano, barazani, nikaicheza yote. Watu wa baraza waliinamisha vichwa, unasikia majani makavu ya mikorosho yakikanyagwa na bibi anahema. La juu, la Bakari. Halafu akasema la chini ni la Mama Issa, asinyang'anywe na mtu, mwanawe amelala pale.

Mwenyekiti akauliza, "Mama Issa ndiye nani? Mlalamikiwa hapa ni Mama Salma." Mkeo akainama, akawa anaikunja ncha ya kanga yake. Nikainuka mimi, wakaniambia nikae, mimi si wa ukoo. Niliona shamba linapotea mbele ya macho yangu.

Akasimama Bakari. Alikuwa na kofia mkononi, anaizungusha. Akasema, "Mama Issa ni shemeji yangu huyu. Kaburi nililichimba mimi." Akakaa, akajifunika uso kwa ile kofia. Hakuna aliyeuliza swali jingine.

La chini ni la mkeo, wameandika na wamepiga mhuri.

Duka liko wazi. Mashine bado naziosha, ila sasa nauliza kwanza ndani mna nini, na namba za kila mtu nazisoma kwa sauti mbele yake kabla hajaondoka. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Ijumaa asubuhi Bakari na Mama Salma wanakwenda Makote kupalilia kaburi la mtoto, nami wameniambia nibebe jembe. Mungu akurehemu, Fundi wangu. Nitakwenda.

Somoe