Majina Yote Ukutani

Mlola,
Lushoto, Tanga.
9 Februari 2025

Mpendwa Dada Saumu,

Shikamoo dada. Hujambo, na shemeji Juma na mwanenu Zakia hawajambo? Joto la Unguja mnalionaje? Huku tunamshukuru Mungu tu wazima. Asubuhi ukungu hauondoki shambani mpaka watu wameshakunywa chai. Kikohozi cha mama kimepungua.

Najua umenipigia simu mara nyingi. Nilikuwa naiangalia ikiita, kisha naigeuza kifudifudi mezani. Sikuwa na uso wa kuongea nawe, ndiyo maana naandika. Barua nampa Modesta, jirani yetu, anayerudi kazini huko wiki hii.

Bila shaka bosi wako, Bi Scholastica, amekwisha kukusimulia. Acha nami niseme yangu, ingawa hayatanisaidia.

Wewe ndiye uliyemleta, kwa jina lako, aje aone kama hoteli yenu inaweza kununua mboga za kikundi chetu. Ukanielekeza vizuri jinsi ya kutengeneza slaidi: kila moja jambo moja, picha kubwa, maneno machache anayoweza kuyasoma mtu wa nyuma, halafu niongee nikiwatazama watu usoni. Nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta nikaanza kuogopa watu.

Unawajua watu wetu. Ukisoma risala ukamruka mmoja, utaisikia habari hiyo mpaka misibani. Nikaona heri niwaweke wote. Slaidi ya kukaribisha wageni, ya mwenyekiti, ya mweka hazina, ya diwani, ya bwana shamba, ya imamu, ya wazee wa vitongoji, kila mtu na picha yake. Na kwa kuwa nilitaka ionekane nimesoma, maandishi yalikuwa mekundu juu ya kijani, na kila jina liliingia likizunguka na mlio wake. Katiba ya kikundi nayo niliibandika nzima, kwa herufi ndogo ambazo hata mimi nilizikodolea macho. Mboga niliziweka mwisho kabisa, nikidhani huo ndio utamu wenyewe.

Siku ilipofika niliwapa wageni mgongo, nikawa nasoma ukutani neno kwa neno. Nilipokwisha kumpita mweka hazina, Mzee Shekiondo, mwenyekiti wetu, akasimama.

"Hebu rudisha nyuma kidogo. Mbona picha ya huyu ni kubwa kuliko yangu?"

Nikarudisha, dada. Mbele ya wageni nikaanza kuivuta picha ya mzee ipanuke. Bi Scholastica akaniuliza kwa upole, "Samahani kaka, mboga zenyewe ziko wapi?"

Nikamjibu, "Zinakuja."

Kilichokuja kilikuwa jina la diwani, linazunguka.

Wingu lilikuwa limetanda kuelekea Soni, na dereva wao aliogopa ule mteremko kwenye mvua. Wakapiga makofi, wakaaga na kushukuru kwa adabu kabisa, mboga hazijafika ukutani. Heri wangenigombeza. Mama alikuwa amekaa nyuma na kapu la mboga za liki na matunda ya plamsi, ameziosha mwenyewe, anasubiri aitwe awaonyeshe wageni. Hakuitwa. Katika majina yote yale, la kwake halikuwemo.

Naona aibu, dada. Nimekuaibisha kazini kwako, na wenzangu kikundini sasa nawapita njiani nikijifanya nina haraka. Lakini kuna jambo baya zaidi. Mama hajui kwamba nimeharibu. Aliona maandishi yakiruka, akasikia makofi, akaamini wageni wameridhika. Anawasimulia majirani jinsi mwanawe alivyoongea. Na tangu juzi anang'oa maharage yetu ya kula kule bondeni, apate nafasi ya kupanda liki za hoteli. Namtazama tu, nashindwa kumwambia. Leo nikimaliza kuandika nashuka kumwambia, kabla hajalimaliza tuta la mwisho.

Ndani ya bahasha nimeweka picha moja niliyoisafisha Lushoto mjini. Ni mama ameshika liki, udongo ungali kwenye mizizi. Sikuandika neno lolote juu yake. Kama Bi Scholastica bado anakubali kukusikiliza, mwonyeshe. Usimwambie imetoka kwangu.

Msalimie sana shemeji Juma, na Zakia mwambie plamsi zake nimemwekea. Shangazi Mwanahamisi naye anakusalimu. Mungu akulindie kazi yako na nyumba yako, akulipe wema ambao mimi nimeshindwa kuulipa.

Mdogo wako akupendaye,
Zuberi

N.B. Nimetoka bondeni sasa hivi. Nimemwambia. Aliweka jembe chini, kisha akauliza kama wewe umepata matatizo kazini kwa ajili yetu. Nilimwambia jibu unalo wewe. Mpigie kwenye simu yangu, dada. Safari hii nitapokea.