Majibu Tuliyompelekea Salma

Jumamosi, 6 Oktoba 1984
Madaftari ya darasa la tano, nusu bado. Feni imekufa tena. Hamdani kaifungua, kaitandaza sakafuni vipande vipande, kisha kaenda zake kutengeneza pampu za watu. Fundi kwake hafanyi.

Barua ya Salma imefika. Tulikua mtaa mmoja Unguja. Sasa anasoma chuo kikuu London. Ni yeye peke yake anayejua kuwa Hamdani si binamu yangu. Majirani hapa Nizwa, Omani, wanajua binamu. Miaka tisa ya ubinamu.

Profesa wake anaandika juu ya wanaume wawili wanaopendana na kukaa nyumba moja. Watu wake wote kawapata kwenye vilabu vya mji wake. Kwa hao anasema watu wa namna hii wote hawadumu. Salma amekasirika. Kaleta karatasi za maswali, nakala mbili, bila majina. Asema wasiokwenda klabu nao waulizwe.

Jumanne, 9 Oktoba
Nimemtafsiria Hamdani maswali baada ya chakula. "Mnakutana klabu gani na wenzenu?" Akauliza kama gereji inahesabika. "Wazazi mliwaambia lini?" Hapo hakucheka.

Anaogopa posta, barua huweza kufunguliwa. Haki yake. Mwishowe kakubali: "Jaza, Mwalimu. Ila nisomee kabla hujatia posta." Nampenda anapoogopa na bado anakubali.

Alhamisi, 11 Oktoba
Nimejaza peke yangu. Kwanza kwa Kiswahili kwenye karatasi ya pembeni, kisha Kiingereza safi. Mnagombana? Nadra. Mmewahi kukaribia kuachana? Hapana.

Uongo mtupu. Mwaka juzi alikaa kwao Sur miezi minne. Mama yake alimtafutia mke, naye akaenda. Sikumfuata. Sikumwandikia hata mstari. Kiburi. Siku moja nikasikia pikapu yake mlangoni.

Lakini huenda kutoka huku karatasi yetu ndiyo pekee. Profesa atawapima wengine wote kwa sisi. Muuza tende huweka nzuri juu, sembuse miye.

Jumamosi, 13 Oktoba
Nimetia posta kabla ya shule. Sikumsomea. Nimejiambia nilisahau. Sikusahau.

Jumatatu, 15 Oktoba
Kaiona ile karatasi ya Kiswahili ndani ya kamusi. Nilitegemea ugomvi wa posta. Haukuwa huo. "Hamdani huyu miye simjui. Wallahi, kama unanisifu matangani."

Nikacheka. Nilifanya vibaya kucheka.

Kisha akasema polepole: mama analia, mahari imeshatajwa, watu wameshaalikwa, na yeye akarudi. Hajawahi kufanya jambo kubwa kuliko hilo. Nami nimelifuta kwa neno moja.

Ni kweli.

Jumatano, 17 Oktoba
Kaondoka kwenda Sur kumwona mama. Kawaida huchukua mfuko wa nailoni. Leo kachukua begi.

Ijumaa, 19 Oktoba
Hurudi kabla ya alasiri. Alasiri imepita, magharibi imepita. Nimepika wali wa watu wawili, nimekula vijiko vitatu. Naogopa. Niliionea haya ile miezi minne, kumbe yeye anajivunia mwisho wake.

Jumamosi, 20 Oktoba. Sur
Nimewaambia shuleni naumwa. Si uongo sana. Teksi hadi Bidbid, nyingine hadi Ibra, nyingine hadi huku. Vumbi mpaka kwenye meno.

Mama yake kanifungulia. Nikatoa shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Ingia ule." Hakuuliza kilichonileta. Sijui anajua nini, sitauliza.

Hamdani alikuwa juu ya paa, anaziba tangi la maji. Kaniona. Akamaliza kwanza kukaza, akafuta mikono, ndipo akashuka. Alikuwa analia na anacheka. "Umekuja kwa teksi tatu, weye mchoyo?"

Jumatano, 24 Oktoba
Nizwa. Nimemwandikia Salma aitupe karatasi ya kwanza. Leo tumekaa na ya pili, swali kwa swali. Tukabishana nani mkorofi zaidi. Ugomvi tumeujaza pande zote mbili za karatasi.

Hamdani kauliza jambo ambalo sikulifikiri. Maswali haya yangekuja ile miezi minne, nani angejibu? Yeye yuko Sur, miye nimefunga mlango. Profesa wa watu angesema hatupo. Na Salma naye kapata sisi kwa kuwa anatujua, na kwa kuwa tumebaki. Walioachana nani anawapelekea barua? Nimemwandikia Salma hilo, maneno yake yaleyale. Fundi pampu kamshinda profesa. Sitamwambia, atavimba kichwa.

Swali la kukaribia kuachana kalijibu mwenyewe, kwa herufi zake za Kiarabu: Ndiyo. Miezi minne. Kosa langu.

Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: Na langu.

Akaisoma. Akaenda kutia maji ya chai.