Chupi Yangu Iko Juu ya Paa la Nyumba Tunayotaka Kununua

Bu Kusmirah mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, na tafadhali jina langu usilichapishe gazetini, mimi ni fundi pikipiki hapa Semarang na wateja wangu wana midomo.

Bu, mimi na mke wangu Lastri tunaishi kwa mama yake tangu nyumba tuliyokuwa tumepanga ilipoingiwa na maji, siku ambayo Lastri alipanda juu ya kabati na mtoto wetu Menik kifuani na mimi nikabaki chini nimelikumbatia kabati lisije likaelea nao, na tangu hapo akisikia ngurumo haangalii mbingu, anaangalia sakafu. Sasa tumejaliwa kufikia mahali pa kununua nyumba yetu wenyewe na Lastri ana sharti moja tu, kwamba nyumba ataiangalia masika, mvua ikiwa imechachamaa, yeye akiwa amelowa mpaka kwenye soksi, kwa sababu anasema kiangazi kila nyumba ni nzuri na kila dalali ni mcha Mungu.

Mimi nimeshaipata nyumba, Bu, na nimeipenda jinsi ambavyo mtu mzima hatakiwi kupenda matofali. Ipo mtaa unaoitwa Bukit Asri, ndiyo, ni kweli jina linasema kilima, na ni kweli pia kwamba kwenda huko unateremka tu, lakini ina baraza pana lenye boriti ya kutundikia matundu ya ndege wangu, na mimi nafuga hua, na kwa mama mkwe hua wangu wanatundikwa kwenye ujia wa kwenda bafuni ambako kila anayepita na taulo anawatukana, na ndege anayetukanwa haimbi, hilo kila Mjawa analijua. Nilipokwenda mara ya kwanza peke yangu ilikuwa inanyesha na maji kidogo yaliingia kwa mlango wa jikoni, na kambare mmoja akapita, lakini alikuwa mmoja tu.

Basi nikaona Lastri akija mvua ikinyesha ataikataa kabla hajaliona baraza. Nikafanya kama bibi yangu alivyokuwa akifanya siku za arusi, nikachomoa chelewa kwenye ufagio, nikaitunga pilipili nyekundu na vitunguu, nikaichomeka ardhini nyuma ya nyumba ncha ikiangalia juu ili mvua isije, halafu nikaona moyo hautulii, nikakumbuka kwamba dawa yenye nguvu zaidi ni kurusha nguo ya ndani juu ya paa, na sikuwa na nyingine ila niliyoivaa. Nikaivua nikiwa nyuma ya tangi la maji, nikairusha. Ilipaa vizuri sana, Bu.

Na mvua ikazuilika! Tumekwenda na Lastri mara tatu, yeye na mwavuli na mabuti, mji mzima unanyeshewa, tukifika Bukit Asri jua linawaka. Pak Gito, dalali wa nyumba hiyo, anapiga kifua, “Si nilikuambia, Bu Lastri? Hapa ni pakavu kama kerupuk iliyotoka kukaangwa!” Lastri ananyoosha mkono kukinga, halafu ananigeukia, “Mas, mume wangu, hata tone? Mbona huku Mungu amewasahau?” Mimi nakohoa. Anasema, “Basi tutasubiri. Sinunui mpaka niione inalowa.” Na kila nikipita mtaani watu wanalalamika visima vyao vinakauka, mzee mmoja alinionyesha pilipili yake iliyonyauka shambani, nikashindwa hata kumwangalia usoni.

Sasa balaa lenyewe. Lastri amesema kama mvua haitaki kuja, basi Jumapili anamleta kaka yake Darno, fundi wa vigae, apande paani akaangalie nyufa na kumwagia maji kwa ndoo. Na mama mkwe, ili nguo za wanaume wa nyumbani zisichanganyike kambani, amezitarizi zote majina kwa uzi mwekundu. Langu ni refu na amelitarizi lote.

Je, Bu, nipande niitoe kabla ya Jumapili? Nimwambie Darno kwa siri, mwanamume kwa mwanamume? Au nimshawishi mke wangu tungoje kiangazi tununue kwa amani kama watu wengine? Na kwa kweli, msimu gani ni mzuri wa kununua nyumba?

Mimi katika mashaka,
Mwenye Hua


BU KUSMIRAH ANAJIBU

Mwenye Hua, nimeicheka barua yako mpaka chai ikapoa. Kisha nimeisoma tena na nimekasirika, na nitakuambia kwa nini.

Umeandika aya nzima kuhusu chupi na nusu mstari kuhusu kambare. Chupi ni aibu yako peke yako, itakauka huko juu na maisha yataendelea. Kambare ni habari nyingine. Kambare hatoki mtoni akaja jikoni kwa mtu kusalimia, tena akaja mmoja ili asisumbue. Ulimwona, ukamwelewa, ndiyo maana ukaenda kutunga pilipili. Mwenye nyumba kavu hahangaiki na mvua, Mas. Ulijua maji yanaingia wapi kabla mkeo hajavaa mabuti.

Wala usijisifu kwamba umeizuia mvua. Mvua ya mwaka huu inachagua mitaa, huku kwangu imenyesha upande mmoja wa barabara tu na majirani wamenuniana. Kama chupi yako ingekuwa na nguvu hizo, Semarang nzima tungekuwa tumeshapanga foleni kuiazima.

Umeuliza msimu. Mkeo yuko sahihi na ungemuuliza yeye usingepoteza stempu. Kiangazi paka rangi, oza binti, anika godoro. Nyumba nunua masika, tena pale kati ambapo wewe mwenyewe hutaki kutoka nje. Wapo mama wakwe watakaosema si mwezi wa Suro, mwezi wa mikosi. Sawa, mwezi wa Suro msihamie, lakini hakuna aliyekataza kwenda kuchungulia. Ukifika, usimsikilize dalali, angalia friji za majirani zimepandishwa juu ya matofali mangapi, angalia soketi ziko usawa wa goti au usawa wa bega, angalia kama rangi mpya imepakwa ukuta mzima au chini tu. Halafu mtafute mama anayekaanga tempe za soya pale kona. Usimuulize kama panafurika, atakujibu hapana kwa sababu ni mtaa wake na anaupenda. Muulize maji yakija anaihamishia wapi meza yake. Hapo atakuambia mpaka jina la mtu aliyebebwa mgongoni.

Sasa sikiliza. Paani usipande. Umri wako na vigae vya watu ni vitu viwili visivyopatana, na ukianguka utaokotwa na nani, na utaeleza nini? Darno naye mwache, shemeji hana siri, ana dada.

Mwambie Lastri leo. Na uanze na kambare. Nakusisitizia hapo kwa sababu nakujua, wanaume kama wewe nimewasoma miaka. Ukianza na chupi atacheka, na akicheka utajisikia umesamehewa, na kambare utammeza. Sema, “Dik Lastri, ile nyumba inaingia maji. Niliyaona, nikanyamaza, kwa sababu nililipenda baraza.” Usiongeze neno. Atanuna, na ana haki ya kununa, tena usimpelekee maua wala martabak ya mayai kabla hajamaliza. Habari za paani mpe baadaye, akiwa amekaa.

Jumapili msiende Bukit Asri. Nendeni mji wa juu, kwenye vilima vya kweli, mkaangalie kanyumba hata kama ni kadogo, hata kama baraza lake linatosha tundu moja na wewe mwenyewe unasimama nje. Achague yeye. Wewe umekwisha kuchagua mara moja na tumeona.

Nami nakuambia hili bila utani. Lastri hajakuomba baraza, hajakuomba mume wa kuzuia mvua. Anachotaka ni kulala usingizi huku inanyesha, mtoto yuko kitandani na miguu yake ni mikavu. Hajalala hivyo tangu siku ile, na wewe unayelala naye ulipaswa kulijua kabla yangu.