Uvimbe wa Immaculata

Mabira, Karagwe
Julai 1991

Kwa mwanangu Athanasi,

Nakusalimu kwa kuwa adabu inanilazimisha. Mimi mzee wako Sebahire ni mzima, meno yangu yote yapo, na kwa jembe hakuna kijana wa hapa anayenifikia. Wewe huko Bukoba sijui kama u mzima, maana aliye mzima huja kumwona mtoto wake.

Ulipokuja Pasaka ukamkuta Immaculata ana uvimbe kichwani, ukasema nimekuharibia mtoto. Nimeharibu nini? Uji wa moto ndio uliomwachia kovu lisiloota nywele, toka sikioni hadi utosini, watoto wa shule wakawa wanamwamkia shikamoo babu. Wewe ulimnunulia kitambaa cha kichwa ukaona umemaliza. Mimi nilimpakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya misheni, na vilima vile wewe ungeshuka ukasukuma.

Daktari alieleza kwamba anaweka kimfuko cha mpira chini ya ngozi yenye nywele, kila wiki sista anakitia maji ya chumvi kwa sindano, ngozi inatanuka polepole. Ikitosha, mfuko unatolewa, kovu linakatwa, ngozi ile inavutwa kufunika mahali pake, na nywele zake. Nilielewa kabla hajamaliza. Ngozi ya tumbo la mkeo Costansia ilitanuka miezi tisa kwa mtoto huyo huyo, mbona hukuleta wembe?

Lakini Pasaka hiyo ukamleta mganga Kahigi na wembe na pembe ya kuumikia, eti anyonye damu mbaya. Angetoboa mfuko, kazi yote ikamwagika. Nilisimama mlangoni na panga. Kahigi alikumbuka ghafla kwamba ana mgeni kwake.

Ndipo ukasema, mbele ya mtoto, kwamba mwenye kichwa kile si wako. Alikuwa anamenya maharage. Hakulia. Aliendelea kumenya, ila maganda alitia sufuriani na maharage akatupa chini.

Sasa sikia. Siku ya kutoa mfuko, hospitali ilimtaka baba atoe ruhusa. Costansia akasema bila neno la mumewe hathubutu. Daktari akasema hakuna kungoja, ngozi itapasuka. Na wewe nilishakutumia habari kwa Seif wa lori, ukamjibu kwamba huna mtoto hospitali.

Basi nikasema baba yake ni mimi.

Daktari alizitazama mvi zangu, akamwuliza mtoto, huyu mzee ni nani wako. Immaculata akajibu kwamba ni baba.

Amepona. Kovu limebaki kama uzi, na Costansia amemsuka mistari miwili pale palipokuwa na upara. Ila lile jina hakuliacha hospitali. Ananiita baba shambani, kanisani, hata mbele ya mama yake. Sijamkataza, na sitamkataza.

Ukitaka kuja, njoo, hapa ni kwenu. Lakini sitamwambia mtoto wewe ni nani. Utamwambia mwenyewe.

Costansia anakusalimu, ingawa nilimwambia aache. Seif aliyeileta barua hii mpe chakula, usimjibu ovyo kama mara ile.

Ni mimi,
Sebahire, mwenye kibanja cha migomba kinachowanyima watu usingizi hapa Mabira