Sinia la Shangazi

Mafiga, Morogoro
Machi 1996

Shangazi Mwanaidi, shikamoo.

Vitoto vyako vya paka vilifika salama kutoka Mkuyuni na sasa vimezoea nyumba. Mwanzoni vilijificha chini ya kitanda na kuchafua kila pembe. Nikaviwekea mchanga kwenye beseni, lakini lilikuwa refu mno, vikashindwa kupanda. Nikatafuta chombo bapa.

Shangazi, nilichukua sinia ulilonitunza harusini. Lilikuwa limeegemea ukuta tu. Tangu kiwanda alichofanya kazi mume wangu kiuzwe, naye apunguzwe, hatujamkaribisha mtu kula. Nikalitia mchanga, na vitoto vikajifunza siku hiyo hiyo.

Jumapili baba akaja ghafla na mchele, nikaupika. Akasema, "Shamimu, pakua kwenye sinia la dada yangu, tule pamoja." Nikamwambia nimemwazima jirani. Hapohapo tukasikia paka wakichakura nyuma ya mlango. Baba akachungulia.

Hakunigombeza. Alikula kwenye sahani, kisha akauliza taratibu, "Kwani siku hizi hamli na watu?"

Nimeona nikuandikie kabla hajakusimulia. Sinia nimelisugua kwa majivu mpaka linang'aa. Limeegemea ukuta tena.

Mwanao, kwa haya nyingi,
Shamimu